Mawe ya Mjomba Anatoli

Novemba, 1998

Dada Rozalia,

Shikamoo. Habari za Kasulu, na mguu wa shemeji unaendeleaje? Watoto wote nawasalimu, na yule mdogo mbusu kwa niaba yangu hata kama hanijui. Sisi huku miili ni mizima. Kilichotupungukia ni akili, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unakumbuka mwaka wa tisini na sita mjomba Anatoli alipokimbia vita vya Kongo, akavuka ziwa na mzee Martini wa Uvira katika mtumbwi mmoja. Mama aliwapokea wote wawili, akawapa nafasi kwenye uwanja wake pale ufukweni Ujiji waanike dagaa. Walikuwa wakila sahani moja. Hata nilipochumbiwa na Onesmo, mtoto wa Martini, aliyecheza kuliko watu wote ni mjomba, akasema sasa undugu umekamilika. Mwezi wa saba padri akatutangaza kanisani Jumapili tatu.

Mwezi wa nane vita vikarudi huko kwao. Majeshi ya nchi jirani yaliyomwingiza rais mpya Kinshasa yakamgeuka, na nchi nyingine zikaja kumtetea. Mjomba akasema yeye yuko na rais. Martini akasema waliomweka wana haki ya kumwondoa. Hebu niambie dada, huyo rais anawajua hawa? Wanaanika dagaa Ujiji na mashati ya kupewa, lakini kila jioni wakishasikiliza redio wanagombana utadhani kuna mtu anasubiri ushauri wao. Uchumba wangu waliuvunja siku ya kwanza tu ya ugomvi huo, bila kuniuliza. Onesmo akachoshwa na kelele, akahamia Ilagala kuvua huko.

Kisha mjomba akapanga mawe katikati ya uwanja wa mama, huku kwetu, kule kwa Martini. Kesho yake mawe yakawa yamesogea. Mama alipouliza, mjomba akajibu kwamba hajachukua eneo la mtu, anajilinda tu, kuku wa Martini wasije wakavuka. Martini naye akayarudisha na kuongeza kidogo, eti kwa usalama wake. Jirani yetu Hamdani aliahidiwa kipande akawa upande wa Martini. Mjomba akamwahidi kikubwa zaidi, akahama. Wote wanagawana uwanja wa mama, na mama mwenyewe anaanika dagaa wake njiani.

Sasa sikia. Umekulia pale, unajua desturi yetu: wingu likifunga dagaa wakiwa nje, kila aliye karibu anazoa bila kutazama ni wa nani. Hata mliotukanana asubuhi mnazoa. Wiki mbili zilizopita mvua ilikuja ghafla, na hao wazee wetu, badala ya kuinama, walisimama kwenye mawe, huyu akimlinda yule asivuke, maji yakiwatiririka usoni. Mimi na mama ndio tuliozoa pande zote mbili, tukamwaga jikoni rundo moja. Dagaa tuliowakosa walioza.

Badala ya ahsante, mjomba aliniita msaliti na Martini akaniita mwizi. Jambo moja tu walikubaliana, kwamba nikae chini nitenganishe dagaa wa Martini na wetu. Dagaa, dada. Na nilikaa kweli nikaanza kuchambua, maana unajua tulivyolelewa. Nikawa nawatazama wale dagaa, wote walewale, nikalia kwa hasira. Nikainuka, nikanawa mikono.

Utaona juu ya barua sikuandika mahali, na ni makusudi. Niko Ilagala. Nilipanda boti asubuhi iliyofuata, aliyejua ni mama peke yake. Wazee walivunja uchumba pale uani, lakini hakuna aliyekumbuka kwenda kwa padri kufuta tangazo. Jumamosi iliyopita tumefunga ndoa, mimi na Onesmo. Nampenda, dada, na sikuwa tayari kumkosa kwa ajili ya ugomvi wa redio.

Ungedhani yameisha hapo. Jana mama amemtuma mtu na mfuko wa dagaa wale wale waliochanganyika, pamoja na habari. Mjomba na Martini wamepatana. Mawe wameyaondoa kwa mikono yao, wanakula tena sahani moja, na Hamdani yuko na wote wawili. Wamepatana dhidi yangu. Wanasema nimewadharau, na wanangoja mbalamwezi, siku ambazo wavuvi hawatoki na mtumbwi wa Hamdani hauna kazi, waje wanirudishe Ujiji.

Nakuomba uteremke kabla ya hapo, umkumbushe mjomba alivyocheza siku ya uchumba wangu. Wewe anakuogopa. Ukishindwa kuja, basi mwandikie maneno machache: umesikia Martini anajisifu kwamba aliyeondoa mawe kwanza ni mjomba, kwa woga. Najua ni dhambi. Wakigombana mama anakosa uwanja, wakipatana mimi nakosa mume, na nisingethubutu kukuomba hivyo kama wazo lingekuwa langu. Ni la mama. Amesema wagombane tu, uwanja atavumilia.

Msalimie shemeji, mwambie asiukanyagie mguu kabla haujapona. Wale dagaa tumewala jana jioni na ugali, mimi na Onesmo, bila kuwachambua.

Mdogo wako,
Elida, mke wa Onesmo