Profesa wa Kundi Lenu la Hisa

La Rochelle, Johannesburg

Mdogo wangu Mwanaidi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko pumzi niliyobaki nayo. Magoti yanaendeleaje, na sukari ya shemeji Bakari imetulia? Mimi nasema sijambo kwa mazoea tu. Mapafu yamechoka, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Kwa hiyo nisikuzungushe.

Yule Profesa wa kundi lenu la hisa la WhatsApp ni mimi.

Juzi ulinipigia ukicheka: "Kaka, mtu mwenyewe yuko huko huko kwenu, benki kubwa, Sandton! Humjui kweli?" Nikakujibu mji huu mkubwa. Sandton, mtaa wa matajiri, mimi naijua kwa kupita. Maisha yangu yote hapa yameishia Fordsburg, nikimwandikia hesabu mwenye duka la vitambaa. Ndiyo maana hesabu za ile kampuni ya dhahabu mnayonunua hisa zake nilizielewa siku ya kwanza nilipozisoma. Hawajatoa hata punje. Wanakula fedha za wanaonunua hisa, zikiisha wanatoa hisa nyingine. Nami nilikuwa nazo hisa hizo, nikataka kuziuza, nikatafuta wanunuzi humo kundini. "Shikilieni! Woga ndio umaskini wenu!" Maneno yangu hayo. Mlipokuwa mnanunua, mimi nilikuwa nauza, mpaka ya mwisho.

Hata baada ya kuuza niliendelea kuandika, kwa sababu mlinishukuru. Hilo linanichukiza kuliko yote.

Unamkumbuka aliyeuliza, "Jamani, nani hapa kasoma hesabu za kampuni?" Nikamjibu, "Mzee, rudi kwenye karanga zako, hisa zina wenyewe." Mkacheka, admini akamtoa. Nilijua ni mumeo. Nawe ukamnunia, ukaniambia anakutia nuksi. Bakari ana darasa la saba, na ndiye pekee aliyeuliza la maana mbele ya wenye digrii wote wale.

Jana niliandika ukweli humo humo. Hawakuchelewa. "Katumwa huyu!" "Profesa kaibiwa simu!" "Anatutisha tuuze, yeye anunue rahisi!" Wakanitoa. Nawachukia wapumbavu wale na kelele zao, Mwanaidi, na kelele hizo nimewafundisha mimi.

Simu nimeiogopa. Ungesema ni homa inanisemesha. Mwandiko wangu huwezi kuukana. Mama Furaha, mshonaji Mkongo wa chumba cha pili, amesimama mlangoni na sahani ya kisamvu: "Papa, unaandika nini vile? Kula kwanza, sombe iko inapoa." Barua hii atampa msafiri anayekuja Tanga, ikufikie kabla ya kiinua mgongo chako. Uliniambia chote kinakwenda kwenye hisa zile. Umezalisha wanawake wa watu miaka yote ile, usiku na mchana, leo jasho hilo ukampe nani? Usipeleke hata shilingi.

Nisalimie shangazi yetu, kama bado anasikia. Msalimie mwanao mkubwa, umwambie naye atoke kundini leo hii. Mama Furaha anakusalimu ingawa hamjaonana.

Barua hii mpe Bakari akusomee kwa sauti, wala usimkatize. Sikuombi unisamehe. Fedha zikiingia ziache benki, kisha umwombe radhi mumeo kwa niaba yetu wote wawili. Mimi nimeshika simu mara tatu kumpigia, na mara zote nimeiweka chini.

Kaka yako,
Salehe