Robo ya Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kunicheka nicheke lakini unijibu, maana mimi ni fundi wa vigae, sakafu za watu nazipima zikanyooka, ila hesabu ya mkate mmoja nyumbani kwangu imenishinda.

Nina binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume, na mama yao alifariki msimu wa mvua uliopita. Alipokuwa hai tulikubaliana mtoto asikariri hesabu kama kasuku, ajifunze kwa mikono yake, kwa hiyo kila jioni binti ndiye aliyekata mkate, ule wa mviringo, nusu kwanza, halafu nusu ya nusu, huku anaimba, "Robo ya baba, robo ya mama, robo ya mdogo, robo yangu," na mama yake anamtazama tu, anatabasamu. Msiba ulipokwisha, watu wakaondoka, tukabaki peke yetu, akakata vilevile, ya mama akaiweka dirishani kwenye sahani ya bluu akaifunika kwa kitambaa. Alfajiri natoka kwenda kazini nikaiona, nikaogopa ataamka aikute imekauka alie, nikaila pale pale nimesimama, na Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Jioni akanipokea mlangoni macho yanang'aa: "Baba, mama amekula!"

Ningesema pale pale. Sikusema. Tangu siku hiyo kila alfajiri naila mimi, na nyumba yetu imekuwa kama ya ndotoni, tunaongea polepole, pazia halifungwi lote ili mama apate pa kupita, na asubuhi nyingine mwanga ukiangukia ile sahani tupu hata mimi nasahau nani aliyekula, naona kama amepita kweli, harufu ya mafuta yake ya nywele naisikia kabisa. Dada yangu alitutembelea, akaona vipande, akasema, "Kaka, huyu mtoto hesabu zimempiga chenga. Watu watatu, vipande vinne?" Binti akamjibu kwa upole, "Shangazi, hujahesabu vizuri." Nikaenda kumuuliza mwalimu wake, akaniambia darasani kugawanya kwa tatu anawashinda wenzake.

Kinachonitisha ni kwamba siku hizi robo ya mama inanenepa na ya kwake inakonda. Nilipomuuliza akasema, "Mama anamaliza kila siku, baba, hata chembe haachi. Basi hashibi." Sare ya shule inampwaya, mshauri, na asubuhi yake niliila tena. Nikisema ukweli naona kama namzika mama yake upya mbele ya macho yake, nikinyamaza mtoto anaisha. Nifanyeje?

Fundi Vigae

*

Fundi, pole. Pole sana, kufiwa hakuzoeleki. Sasa kaa chini nikuseme.

Mwanao anashinda na njaa, na chakula chake unakula wewe. Lisome hilo mara mbili, kisha tuendelee. Kuzika mlishazika. Huyo wa dirishani umemfuga mwenyewe kwa sababu unamtamani mke wako, na hilo silicheki hata kidogo, ningekuwa wewe huenda na mimi ningelifungua pazia. Lakini mtu mzima hajifichi nyuma ya mtoto wa miaka minane. Mficha maradhi kifo humfichua, na sare hiyo inayopwaya imeshaanza kukufichua.

Leo hii, jua likiwa bado juu, nunua mkate. Kaeni mezani wote, na mdogo naye. Sema, "Mwanangu, aliyekuwa anakula ni mimi." Sema hivyo hivyo, usipambe. Usimwambie mama ameacha kuja, utamfanya ajiulize amemkosea nini. Atakasirika, mwache. Atalia, lia naye, hutapungukiwa ufundi.

Halafu mfundishe kile ambacho hujamfundisha. Darasani anajua kugawanya kwa tatu, lakini mkono wake unajua nusu na robo tu, na kisu hufuata mkono. Mwambie auone mkate kama uso wa saa, akate kutoka katikati kuelekea saa sita, kisha saa kumi, kisha saa mbili. Theluthi tatu. Kipande cha kwanza kitatoka kibaya, na wewe fundi wa kupima usimnyang'anye kisu. Sahani ya bluu msiitupe, ipangieni vipande, ikae mezani katikati yenu.

Na dada yako mwambie asimseme mtoto. Binti akiuliza mwenyewe kama alikosea hesabu, mjibu kweli: hakukosea. Vipande vilikuwa vinne, walaji watatu, na mmoja wao alikuwa anakula mara mbili.

Kisha, kwa jioni ya leo tu, theluthi yako mpe yeye.