Miche Chini ya Fiwi

Kangemi, Nairobi
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na ukishaitikia, itikia na ya pili, maana ile niliyokuamkia siku ya kuondoka ilimezwa na honi ya basi. Goti linaendeleaje? Bado unalipaka mafuta ya nyonyo, au umeshasikiliza maneno ya jirani ukaacha? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku mwezi huu simwombei hata adui. Nalala na koti, na asubuhi vidole vinakataa kushika kalamu.

Mwanaidi, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Barua hii sikuitia posta kwa sababu sanduku la posta ni la mjomba, na ile barua yenu ya mwisho aliyoipeleka yeye ilinifikia ina gundi ya aina mbili. Labda gundi ya kwanza ilikuwa mbaya tu. Labda. Lakini nimempa hii mke wa mwalimu wenu wa chuoni, aliyekuja kumtazama mwanawe, aiweke mkononi mwako mwenyewe. Soma kwa sauti ya chini, na mtu akiingia, rukia ile habari ya baridi.

Sasa mama, nianze mbali kidogo ili tuelewane. Shamba la marehemu baba limechoka. Mahindi ya mwaka juzi yalikuwa na mabua kama njiti, na ya mwaka jana hata ngedere waliyapuuza. Ndipo Katana, ambaye baba alimruhusu alime hapo na ambaye hutuletea sehemu ya mavuno kila msimu, akaja kukuomba aupumzishe upande wa kisimani. Akasema atapanda fiwi, yale maharagwe yetu ya pwani, lakini si za kula. Zitambae, zifunike ardhi, ardhi ipone. Hakusema zaidi, na nyinyi hamkuuliza zaidi, kwa kuwa Katana ni mtu wa maneno machache na sisi ni watu wa kudhani tumeelewa.

Uliponiandikia habari hiyo nililala vibaya. Ni nani anayepanda chakula asichokusudia kukila? Na desturi yetu unaijua kuliko mimi. Mtu aliyepewa ruhusa ya kulima hupanda cha kuvunwa kikaisha: mahindi, kunde, muhogo. Mti hapandi, kwa sababu mwenye mti huwa na neno juu ya ardhi. Na mti alioukuta shambani hang'oi, uwe umepandwa na yeyote yule. Nikajisemea, huyu anafunika ardhi ili tusione anachofanya chini yake. Tena mwaka huu, wakati wapimaji wa serikali wanapita shamba kwa shamba wakiandika nani ana nini. Nilimshuku Katana mama, sikufichi, nilimshuku sana.

Mjomba Salimu naye alimshuku, au ndivyo alivyosema. Unakumbuka alipokuja huku kutibiwa macho katika ile hospitali kubwa. Alikaa nami humu chumbani, tukagawana kitanda na blanketi, na kila jioni mazungumzo yalikuwa hayohayo. Akaniambia, "Fiwi ile itakaa pale miaka miwili, mitatu. Wapimaji watakuja waende, na hakuna atakayeiona ardhi ya baba yako." Nikasema kweli mjomba. Akaniuliza hati za baba ziko kwa nani, nikamwambia ziko kwako, kwenye sanduku. Akaniuliza tena siku ya kuondoka, kana kwamba hakunisikia mara ya kwanza. Nikadhani ni uzee.

Baada ya hapo likatokea jambo hapa Kangemi ambalo nilidhani halituhusu. Mama Njeri, mwenye hizi nyumba tunazopanga, ana kipande cha shamba kinachoteremka mpaka mtoni. Upande mmoja alipanda njahi, ambazo ni fiwi zetu zilezile kwa jina la kwao. Zilitambaa vizuri, zikachanua maua ya zambarau, mtu unapita unafurahi. Jumamosi moja narudi kutoka kazini namkuta na panga anazifyeka zote, maua na kila kitu, anaziacha zimelala chini. Mimi nikajua mara moja: huyu anataka kujenga vyumba vingine, na kesho atatupandishia kodi ili apate mabati. Nikamsogelea kwa adabu, nikamuuliza mafundi wanaanza lini.

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hakuna fundi, analisha udongo. Nikamwambia, "Mama Njeri, chakula cha watu hicho, kimebakiza kidogo kizae." Akanijibu kwa Kiswahili chao cha huku, nakuandikia kama alivyosema, "Ukiacha izae, nguvu yote inaenda kwa mbegu, udongo inabaki na njaa. Lazima uikate ikiwa na maua. Kila mtu mwenye amewahi kupanda hii ya kulisha udongo anajua hiyo. Nyinyi watu wa Mombasa mnajua nazi peke yake."

Sikumwamini. Mwenye nyumba akikuchekea, shika mfuko. Kesho yake alipokwenda kanisani nilichukua kijiko changu cha chai nikashuka shambani. Nikafukua penye mahindi ya kila mwaka, kijiko kikapinda. Nikafukua upande aliosema alifyeka mwaka jana, kijiko kikazama chenyewe, udongo mweusi, una ubaridi na unyevu ingawa mvua haijanyesha siku nyingi, na minyoo imo. Nikasimama pale na kijiko changu kama mtoto aliyekamatwa anaiba sukari. Mahindi ya upande huo nilikuwa nikiyaona kila siku, marefu kunizidi, nikidhani anayatia mbolea ya dukani kwa siri.

Basi nikatulia. Nikajisemea Katana naye atafyeka ikichanua, na nitakuwa nimekosa usingizi bure. Na kweli, barua yenu ikaja kusema amefyeka. Lakini ilileta na lile jambo lingine, kwamba majani yalipolala, chini yake imeonekana miche ya mikorosho, imekaa kwa mistari, urefu wa shubiri, toka kisimani mpaka kwenye mpaka. Kwamba mjomba amekusanya watu akawaonyesha. Kwamba anataka Katana na mkewe na watoto wao waondoke kabla ya wapimaji kufika, na kilichobaki ni neno langu tu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume wa marehemu. Na wewe mama ukamalizia, "Ulimshuku tangu mwanzo mwanangu, na Mungu amekuonyesha."

Mama, barua hiyo niliisoma dukani, nimesimama nyuma ya majora ya vitambaa, na tajiri wangu aliniuliza mara mbili kama nimefiwa. Nilishika kalamu siku hiyohiyo kuandika Katana afukuzwe. Niliandika mpaka katikati ya ukurasa, nikaweka kalamu chini, kwa sababu kulikuwa na kitu kinanichoma na sikukijua ni nini.

Nakuomba tuende nacho polepole. Anayepanda fiwi za kulisha udongo anajua tangu siku ya kwanza kwamba atazifyeka zikichanua. Katana alijua. Basi niambie, mtu gani atafukia korosho zake za wizi chini ya majani ambayo yeye mwenyewe atayafyeka, kwa panga lake mwenyewe, mchana, kabla wapimaji hawajafika? Hata mwizi mjinga hafichi mali kwenye nguo anazokwenda kuzianika. Aliyepanda mikorosho ile ni mtu aliyedhani majani yatabaki. Ni mtu aliyedhani kwamba fiwi ile itakaa miaka miwili, mitatu, mpaka wapimaji waje waende.

Nami maneno hayo nimeyasikia, mama. Nimeyasikia humu chumbani, kwenye kitanda hiki nilichokalia nikikuandikia.

Tena tazama. Mwanaidi ameandika, kwa kupitia tu, kwamba Katana ndiye aliyekuja mbio kukuita uone. Panga lake lilizunguka kila mche, halikugusa hata mmoja. Mjomba amewaambia watu hiyo ni dalili kwamba miche ni yake. Mimi nasema ni dalili kwamba anaijua desturi: mti hapandi, na mti hang'oi. Alikuta miti ndani ya shamba la watu, akafanya alilopaswa kufanya, akamwita mwenyewe.

Na kuna hili la mwisho, ndilo lililonikata maini. Mjomba amesema Katana aondoke, lakini miche isiguswe, kwa kuwa imeshashika mizizi na ni dhambi kuua mti. Amesema ataitunza yeye. Majani yaliyokuwa yaifiche yamefyekwa mapema, basi ameigeuza iwe kosa la Katana. Sasa Katana akishaondoka, na wapimaji wakaja, wakakuta mikorosho upande mzima wa kisimani na mzee mmoja anaimwagilia maji, wataandika jina la nani?

Najua unavyojisikia sasa hivi. Ni ndugu yako wa tumbo moja. Baba alipofariki ni yeye aliyenishika mkono kunipeleka shule, na viatu vyangu vya kwanza ni yeye aliyeninunulia, vikubwa, akatia pamba mbele ili nivivae. Nampenda. Nimeshinda juma zima nikitafuta mtu mwingine wa kumshuku na sikumpata. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawakusema kinauma kiasi gani ukishakiona.

Huenda nimekosea. Nimemshuku Katana, nimemshuku mwenye nyumba, nimeshuku hata gundi. Mimi ni mtu wa namna hiyo, baba alikuwa akinitania kwamba nitamwambia malaika wa kaburini anionyeshe kwanza kitambulisho chake. Na fimbo ya mbali haiui nyoka, hasa ikiwa hata haina hakika kama ni nyoka. Kwa hiyo sikuombi umwambie mjomba neno lolote. Usimlaumu, usimuulize, usimwonyeshe uso wa tofauti.

Fanya hivi tu. Waite watu walewale aliowakusanya yeye, na imamu awepo, na Katana awepo. Waambie neno langu limefika, na neno langu ni kwamba Katana haendi popote mpaka miche ing'olewe, kwa sababu shamba la marehemu halina mti ambao hakuupanda marehemu. Kisha mgeukie mjomba, kwa heshima zote, umwambie, "Kaka, mimi goti linaniuma, na Katana hana haki ya kung'oa mti. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ing'oe wewe." Halafu nyamaza. Usimtazame usoni mama, uso wake wewe huwezi kuusoma, umeupenda tangu utotoni. Tazama mikono.

Mtu haoni uchungu kung'oa mti wa mwizi. Akiing'oa yote, mpaka wa mwisho, bila kuanza hadithi ya dhambi na mizizi, basi niandikieni haraka. Nitaomba ruhusa kwa tajiri, nitakuja, nitampigia magoti mjomba wangu mbele ya watu haohao nimwombe radhi. Naapa kwa Mungu sijawahi kutamani kukosea kama ninavyotamani sasa.

Na miche ikishatoka, mwacheni Katana alale usingizi na majani yake yaoze kwa amani. Msimu wa mvua apande mahindi juu yake. Mwanaidi, ukipata nafasi shuka kisimani, inua yale majani, uniandikie umeona nini chini. Nenda mwenyewe, usitume mtu.

Nisalimie bibi yetu, mama yake baba, umwambie ugoro wake nimeupata sokoni na utakuja na mtu wa kwanza atakayeteremka pwani. Nisalimie shangazi wa kisimani na watoto wake wote. Mwalimu wa chuoni mpe salamu na shukrani, maana mkewe amebeba mzigo mzito kuliko anavyojua. Katana msalimie na mkewe, na mpelekee sukari kidogo, useme imetoka kwangu.

Mjomba naye msalimie kama siku zote, kwa jina, na umpe kahawa akija. Ni ndugu yako bado, na mimi ni mpwa wake bado, mpaka mkono wake ufike kwenye mche wa kwanza.

Mwanao akuombeaye afya,

Hamisi