Koti la Laptop

Shoga, uko hapo? Nimeaibika mpaka nacheka peke yangu.

Si unajua jana fundi aliiwekea laptop yangu mfumo upya? Basi leo inachemka kama pasi! Na ripoti ya bosi imo humo humo.

Nikampigia, nikafoka: "Umeniwekea mfumo gani huu? Utaniunguzia nyumba!"

Akauliza taratibu: "Dada, umeifunika kwa kitu?"

"Hapana. Imevaa koti lake tu."

Fundi akadakia:

"Koti?"

Shoga, KOTI! Lile la sponji, lenye vifungo. Mama mkwe aliishonea jana hiyo hiyo iliporudi, nami nikaivalisha ili asinune. Limeziba matundu yote ya hewa!

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Na simu nimeweka spika! Kugeuka, mama mkwe huyo mlangoni.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayeiunguza?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Akalivua, akachukua mkasi, akalitoboa chini kote, akalivalisha tena. Shoga, imepoa! Ripoti imeenda.

Sasa ameshika futi, anataka vipimo vya laptop ya fundi. Anasema huyo aliyecheka, la kwake litakuwa na kola.