Mabaki ya Horini

Mbeya,
8 Agosti, 1975

Kwako shemeji Didas,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na watoto hapo Ilula hamjambo, na kwamba nyanya zako zimepona ule ugonjwa. Sisi ni wazima wa mwili. Dada yako Kalista anazidi kupata nguvu tangu ajifungue, na mama bado yupo nasi, analea mjukuu na kumfuga kondoo wake nyuma ya jiko. Mimi ndiye niliyechoka, shemeji, nimechoka hasa.

Unaijua kazi yangu hapa kwenye kituo cha mifugo tunakoishi. Kondoo akila nyasi ngumu, zinakaa tumboni zikimeng'enywa polepole, kwa hiyo hula kidogo wala hanenepi. Akila laini, zinapita upesi, anataka nyingine, anakua. Nikishajua nyasi zinavyomeng'enywa, naweza kutabiri atakula kiasi gani na ataongezeka vipi. Jioni tunapima tunachoweka horini, asubuhi tunapima mabaki kabla ya kuyatupa. Kilichopungua ndicho kilicholiwa.

Basi mwaka huu kondoo wangu wamenifanya kichekesho. Kwa hesabu, wanakula majani makavu kama wendawazimu, lakini samadi haba na uzito uleule. Bwana Liberatus, mkuu wangu, aliniuliza mbele za watu kama siku hizi napiga ramli. Nilirudia kupima kila kitu mpaka nikaichukia mizani. Mwishowe akasema hapa pana mkono wa mtu, akamsimamisha kazi Saulo, mchungaji wetu, kwa kuwa ndiye anayelala karibu na banda. Saulo ana watoto wadogo. Alinitazama mimi, nami nikainamia daftari langu la vipimo.

Mama alisikitika kuliko sisi sote. Akawa anampelekea mke wa Saulo unga, na juzi wakati wa chakula alisema, "Huyo mwizi aliyemponza mwenzake hana hata haya."

Shemeji, jana alfajiri niliwahi bandani. Nikamkuta mama na kikapu, anakomba mabaki horini huku akiimba taratibu wimbo wa kanisani. Anajua huwa tunayatupa, basi kwake ni takataka; hajui kwamba kwanza tunayapima. Humpa kondoo wake pamoja na maganda ya viazi. Hakuniona. Niliyejificha nyuma ya ukuta ni mimi. Mama mkwe namwamkia nimeinama, leo nimwambie nini? Kalista nilipomweleza alilia, akasema mama atadhani tunamfukuza.

Kesho naenda kwa Bwana Liberatus kusema mabaki yalikuja nyumbani kwangu, ili Saulo arudi kazini. Yatakayonipata na yanipate. Lakini kumwambia mama siwezi. Wewe ni mwanawe. Njoo, nakuomba, kabla hajayasikia kwa watu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama anakusalimu sana. Anasema ukija atakuchinjia yule kondoo wake, na kweli amenona. Kituo kizima, ndiye pekee aliyenenepa mwaka huu.

Ni mimi shemeji yako,
Bartolomeo