Mlango Utangulie

3 Machi

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo! Goti linasemaje? Na kuku wako, bado wanaamsha mtaa mzima? Mimi mzima kama kigongo, ila nywele zimejaa vumbi la mbao mpaka nikitikisa kichwa watu wanapiga chafya.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya: TUMEPATA KAZI! Zahanati mpya inayojengwa huku, milango yote tunatengeneza sisi. Ya wodi, ya stoo, ya chumba cha kujifungulia, yote! Matroni alikuja mwenyewe karakana, akapapasa meza moja, akauliza, "Hii kairanda nani?" Mama Pacha akainama kama mwizi. Ndiye yule niliyekusimulia, aliyekimbia vita na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Alipokuja kwangu kujifunza useremala, msumeno aliushika kama mwiko. Leo randa ikiwa mikononi mwake, ubao unateleza wenyewe!

Sasa sikiliza. Shirika letu la msaada linaondoka mwisho wa Mei. Milango ikipokelewa, karakana na mashine zinabaki mali ya wanafunzi wangu, wajitegemee. Isipopokelewa, mashine zinapakiwa kwenye lori, na wao wanarudi kambini kukaa nyuma ya maturubai yao, mikono mapajani.

Njoo kwenye ufunguzi, Shangazi. Najua tangu vita viishe hujalala nje ya nyumba yako. Njoo tu.

Mwanao,
Chiriku

15 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Kuku wazima, na hawana adabu.

Barua yako nimeisoma nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani kajifungua. Kabla sijamaliza kufungua makomeo yangu yote matatu, maskini, kachoka kusubiri kaenda zake. Nilimkuta mgongo tu.

Hongereni! Mwambie Mama Pacha mtu haoni haya kwa kazi nzuri, ainue uso.

Ama kuja huko, thubutu! Usianze kunichimba. Mlango wetu wa zamani uling'oka kwa teke moja wakati wa vita, nawe ulikuwepo, uliona. Siku ile niliapa. Nyumba yangu sasa haifunguki kwa teke, na mimi mwenyewe sitaiacha. Huko nitawashangilia kwa barua.

Kula vizuri. Sauti yako naijua hata kwenye karatasi, unashinda na chai kavu.

Shangazi yako

20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Naomba nikujulie hali baadaye, maana nina moto kichwani. Tumeharibu!

Wiki nzima nilikuwa zahanati nasimamisha fremu. Wanafunzi walibaki karakana kumalizia milango. Leo imefika, imepakwa vanishi, inang'aa, mafundi wengine wanaipiga picha! Nikafungua wa kwanza. Ndani kuna komeo la chuma, nene kama mkono wa mtoto. Wa pili, komeo. Stoo, komeo. Mpaka kabati la dawa, Shangazi! Nani anajifungia ndani ya kabati? Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikageuka, hakuna aliyecheka pamoja nami.

Wala hawakukubaliana. Kila mmoja kaenda kwa wakati wake kwa jirani anayechomelea vyuma, kaomba komeo, kafunga, akidhani anaongeza ubora.

Matroni kasema kweli tupu: "Mgonjwa akizidiwa amejifungia, nitapita wapi? Ng'oeni, la sivyo sipokei." Katupa muda mpaka mwisho wa mwezi.

Nikawapa bisibisi. Mama Pacha akausogelea mlango wa chumba cha kujifungulia, akasimama, kisha akairudisha bisibisi mezani taratibu. "Mwalimu," akasema, "mimi nilijifungua kwenye nyumba isiyo na mlango, risasi zinalia. Siwezi kumfanyia mwenzangu hivyo." Wengine wote wakaweka zao.

Ningeweza kung'oa mwenyewe. Lakini nikifanya hivyo kazi inakuwa yangu, si yao, na mambo yote haya yalikuwa ya nini? Wewe una makomeo matatu. Niambie, mtu wa namna hii anaambiwaje?

Mwanao,
Chiriku

28 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Umenuna? Nimesoma tena niliyokuandikia nikajipiga kofi la mdomo. Makomeo yako si ya kuulizwa hivi hivi, samahani. Matroni katuongezea siku chache. Shirika limeshaulizia lori. Nijibu, hata kwa matusi.

Chiriku

2 Mei

Chiriku,

Marahaba zote mbili, ya juzi na ya leo.

Nilinuna, ndiyo. Nikasema, mtoto huyu nimembeba mgongoni, leo ananifanya mfano! Siku ya tatu hasira ikageuka ubishi. Nikachukua bisibisi, nikang'oa komeo la chini, nijue mtu anasikiaje. Nikalitupa stoo. Sikupata usingizi hata lepe. Kesho yake nikalitoa stoo nikalifunga kwenye banda la kuku. Nikalala fofofo, mpaka maji ya chai yakakaukia jikoni kwa kuchelewa kuamka!

Basi nikaelewa. Komeo halikubali kutupwa. Linataka pa kwenda.

Sasa nikuulize na mimi, mwalimu mzima. Mama Pacha analala wapi? Nyuma ya turubai, uliniandikia mwenyewe. Watu wasio na mlango hata mmoja unawaambia wang'oe makomeo ya milango ya wenzao! Watafute mabaki ya mbao, kila mtu ajitengenezee mlango wake. Halafu wape makomeo yao waende nayo nyumbani. Utaona kama hawatayang'oa.

Shangazi yako

12 Mei

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo, na uzima ninao mpaka unamwagika! Imepokelewa! YOTE!

Niliwasomea barua yako kwa sauti, nikiruka tu pale uliponisema. Halafu Mama Pacha akauliza, "Na mabaki yale ya kona ni ya nani?" Yenu, nikamwambia. Weee! Hawakwenda hata kula. Milango ya vipandevipande, mingine imepinda kidogo, lakini milango! Ilipokuwa tayari, Mama Pacha akaenda zahanati wa kwanza, akang'oa komeo lake, akalifunga kwenye khanga kama mtoto. Wengine wakamfuata. Matroni akapita akisukuma kila mlango kwa kiwiko, akasaini huku anacheka. Lori lilikuja likaondoka tupu, nikalipungia mkono.

Ungeuona mlango wa Mama Pacha! Umesimama mbele ya turubai, na komeo lake. Kambi nzima inamtania: mlango wa chuma na mbao, ukuta wa kupasua kwa wembe! Anawajibu, "Ukuta unakuja. Acheni mlango utangulie." Na mapacha wake wanashinda kutoka nje, wanabisha hodi, wanakaribishwa, wanatoka tena. Nililia, Shangazi, kwa furaha tu.

Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe ishirini na tano. Sikuombi. Nakutajia tarehe.

Mwanao,
Chiriku

20 Mei

Chiriku,

Marahaba. Sina nafasi, napanga begi.

Dereva anayekuletea barua hii ana kifurushi kizito. Ni makomeo yangu mawili, mpe yeyote ambaye mlango wake haujapata. La tatu kuku wamekataa kulirudisha. Nyumba nitafunga kwa ufunguo, kama watu wengine, na ufunguo nitampa yule jirani niliyemchosha mlangoni. Leo nimeujaribu mara tatu, sikufichi.

Jumamosi usinisubiri barabarani. Wewe na Mama Pacha kaeni ndani, mfunge mlango wake. Nataka kubisha hodi.

Shangazi yako