Bi Nelida wa Ajentina

Bweni, Mafia
11 Agosti 1974

Dada yangu mpendwa Sheikha,

Shikamoo. Hujambo wewe na wenzako wa kikundi cha maigizo huko Dar es Salaam? Sisi tu wazima. Mama mgongo umemwachia, na Baba anakohoa pale tu anapotaka kahawa. Ile yamini yake, kwamba hutavuka kizingiti chake maadamu unapanda jukwaani, imetimiza miaka sita, na jina lako bado halitajwi mbele yake.

Mimi sasa ni mwalimu wa elimu ya watu wazima. Usicheke. Walitafuta nani kijijini ana kalamu, wakanikuta. Mwezi wa kwanza nusu ya wanafunzi walitoroka, maana kitabu kilihusu kilimo cha pamba, na sisi pamba twaijua ya kuzibia masikio.

Aliyeniokoa ni fundi wa mnara wa taa. Aliacha gazeti la picha la Ajentina, lote juu ya mwigizaji mmoja, Nelida Corvalli. Kila alasiri nikawa natafsiri kipande, nakiandika ubaoni, wanakisoma. Binti wa mwoka mikate, alianza jukwaani na sinia mkononi, na maneno yake mawili tu: chai tayari. Baada ya miaka mitatu ya chai akapewa nafasi ya kulia. Alilia vizuri hata wakamtia kwenye sinema, akawa mtawa, malkia, na mara moja maiti. Jirani yetu Bimkubwa akasema mumewe naye huwa maiti kila siku ya shamba la kijiji, na hakuna aliyemtia kwenye sinema.

Darasa likajaa. Baba naye akaja, eti kukagua misumari ya mabenchi. Akakaa mbele kabisa.

Siku moja nikaandika kwamba babake Nelida aliapa binti asirudi nyumbani, na sasa mzee yuko dirishani kila Jumapili, kiapo kimemfunga. Bimkubwa akamwita mzee huyo jiwe. Baba akamkemea: si jiwe, masikini, ila hajui kafara. Kwetu mtu hulisha masikini kumi, yamini ikaisha, akamwita mwanawe. Bimkubwa akamuuliza, basi wewe unayejua, Mzee Mabruki, unangoja nini? Darasa zima likatazama makuti.

Juzi Ijumaa Baba alichinja mbuzi, akapikisha pilau. Kupata watu kumi wanaokubali kuitwa masikini hapa Bweni ni kazi. Watatu ilibidi nikawaombe dago, kwenye kambi ya wavuvi. Hakumwambia mtu sababu.

Sasa dada, nisamehe. Kihispania sijui hata neno. Picha nilizikuta, maisha nilimpa mimi, na niliyachukua kwako. Ile chai ni ya barua yako ya kwanza. Nilidhani Baba hajagundua.

Jana alikaa na kalamu tangu adhuhuri hadi alasiri, akanipa karatasi hii niliyoifunga humu, akaniagiza niitume Ajentina, kwa kuwa anwani yake bila shaka ninayo. Nimeisoma, ndiyo kazi yangu. Anasema: Bi Nelida, pweza wa nazi bado unampenda? Njoo kabla ya Ramadhani.

Mama anakusalimu, na ameshaagiza pweza. Bimkubwa anauliza kama utalia bure au kwa kiingilio.

Ni mimi mdogo wako,
Shamte Mabruki